Wote Wamesikia Isipokuwa Chiriku

Nyumba ile ile,
Mlango ule ule wa buluu,
Jumapili mchana, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi za dada yako mkubwa zikufikie ukiwa umekula, umekaa, na miguu umeinyoosha juu ya kiti, maana naijua kazi yako ya kusimama kutwa. Hujambo? Shemeji hajambo? Na mwanangu uliyenizalia, bado anakohoa asubuhi, au kile kikohozi kilikuwa cha kukwepa shule? Mimi ni mzima. Goti la kulia tu ndilo linalojifanya limezaliwa kabla yangu, lakini linanifikisha kazini na kunirudisha, sina la kulilaumu.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Kwenye simu mimi nakuandikia mistari kumi, wewe unanirudishia kidole gumba kilichosimama. Nafurahi kukiona, maana kidole kikisimama na mwenye kidole yu hai. Ila neno nililo nalo leo halijibiki kwa kidole, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Neno lenyewe ni hili: mwisho wa mwezi huu nastaafu, na sitaki kukaa peke yangu katika nyumba hii. Kuna swali linalofuata hapo, nitalifikia. Nipe kwanza nafasi nikueleze jinsi lilivyotangulia kwa watu wengine kabla ya kufika kwako, usije ukalisikia njiani ukadhani dada yako amepoteza akili.

Unaijua kazi yangu pale hospitalini. Mimi ndiye ninayepanga zamu za wauguzi, nani wodi gani, nani mchana, nani usiku, nani yuko likizo. Napanga kwa programu ya kompyuta, na sasa vituo vyetu vidogo navyo vimewekewa programu hiyo ili kila kituo kijipangie. Mkuu wa utumishi akaniita, akasema kabla sijaondoka nirekodi masomo: skrini ya kompyuta ionekane ninavyofanya, na sauti yangu isikike ikieleza. Mtu wa kituoni atafungua, atatazama, atafuata. Nikajibu sawa, kana kwamba ni jambo nililozaliwa nalo.

Nikapewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya magodoro, kwa kuwa hakina kelele. Na kweli hakina. Ukifunga mlango hata nyayo za watu koridoni huzisikii. Humo mna meza, kiti kimoja, kompyuta, na kipaza sauti kidogo chenye sponji nyeusi kama pua ya mbwa. Mimi niliyezoea dirisha langu, ambapo kila muuguzi anapita na ombi lake, "Dada, nibadilishie Alhamisi," "Dada, leo usinione," nikawa naingia asubuhi na kutoka jioni bila mtu kuniuliza hata saa.

Siku ya kwanza nilieleza mpaka koo likakauka. Nilipofungua nitazame, mshale unatembea kwenye skrini, visanduku vinafunguka na kufungika, lakini sauti hakuna. Nilikuwa nimemhutubia bubu mwenzangu. Fundi wa kompyuta, mama mmoja mcheshi mwenye mtoto mchanga, akaja akacheka kwa adabu. Akanionyesha kwamba kabla ya kubonyeza kitufe chekundu lazima uiambie kompyuta sauti iichukue wapi, kwenye kipaza au ndani ya mashine yenyewe, la sivyo itakurekodia picha tupu. Nikachagua kipaza, nikaanza upya.

Sauti ikatoka, lakini sauti gani, Chiriku. Ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Bonyeza hapa, kisha bonyeza hapa. Fundi akasikiliza kidogo, akatingisha kichwa. "Dada, kule dirishani unaongea vizuri mno. Humu unaongea na ukuta. Chagua mtu mmoja unayempenda, mfundishe yeye."

Nikakaa nikifikiri nimchague nani. Nikisema kweli, hakukuwa na foleni. Nilikuchagua wewe.

Basi ukawa mwanafunzi wangu. Chiriku, fungua mwezi mpya hapa juu. Usikimbilie kujaza majina, kwanza toa wa likizo. Chiriku, mwenye mtoto anayenyonya usimpe usiku hata akikubali, anakubali kwa aibu. Wawili waliokosana usiwaweke wodi moja, wagonjwa ndio watakaoinywa dawa ya ugomvi wao. Nilikukaripia kama zamani nilipokuwa nikikufunga kamba za viatu nawe unageuka kuangalia ndege. Nilicheka peke yangu mle ndani. Siku zikaanza kwenda, na nikawa natamani kufika kazini.

Sasa sikia kosa langu. Programu yetu ni nzito. Ukishapanga mwezi ukaiambia ihifadhi, skrini inaganda, kiduara kinazunguka pale katikati, nawe unasubiri mpaka unapiga miayo. Mimi kichwani mwangu nilijua kinachorekodiwa ni skrini. Kwa hiyo skrini ikiganda, nikaamini rekodi nayo imeganda, kwa kuwa haina cha kurekodi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe na nikajikubalia. Basi kila kiduara kilipoanza kuzunguka, niliweka kazi kando nikaongea nawe mambo yetu.

Nilikueleza mengi humo. Kwamba chumba chako nilikigeuza mahali pa kupigia pasi, kisha nikakirudisha kama kilivyokuwa, maana nilijiona kama nimekufukuza. Kwamba bado nanunua mkate mkubwa, na nusu yake inaota ukungu. Kwamba tangu jirani wa ukuta wa pili ahame, redio naiwasha asubuhi bila kusikiliza habari, ili tu ndani kuwe na mtu anayeongea. Kwamba kazini wananiita Mama Zamu na wananiheshimu, lakini sidhani kuna hata mmoja anayejua nakaa mtaa gani.

Na mara nyingi, kiduara kikichelewa, nilijaribu lile swali langu. Unanijua, sifanyi jambo bila mazoezi. Nililisema kwa kuzunguka, nikalisema kwa mzaha, nikalisema waziwazi. Siku moja nililisema huku nalia. Kisha programu ikamaliza kuhifadhi, nikafuta macho, nikasema haya Chiriku, sasa chapisha ratiba.

Masomo yalipokwisha nikamkabidhi mkuu wa utumishi, naye akayatuma vituoni siku hiyohiyo. Hakuyasikiliza kwa sababu aliniamini. Mimi sikuyasikiliza kwa sababu sauti yangu mwenyewe siipendi. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Haikupita wiki, simu ya mezani ikalia. Alikuwa muuguzi mkuu wa kituo kimoja, mama ambaye sijawahi kumtia machoni. "Shikamoo dada. Samahani, hapa tuna swali." Nikavuta kiti, nikadhani wamekwama kwenye likizo ya uzazi, ndiko wengi wanakokwama. Akaendelea. "Tunauliza hivi, Chiriku ameshajibu?"

Mdogo wangu, nilitamani sakafu ipasuke. Nikamuuliza Chiriku amemjulia wapi. Akaniambia kituo kizima kinamjua, na kwamba wakikaa kujifunza hakuna anayeruka zile sehemu za kusubiri. Wengine somo walishalielewa zamani, wanarudi kusikiliza hizo. Nikakata simu bila kuaga, mimi niliyekufundisha kuaga watu.

Nikaingia chumba cha nyuma, nikafungua rekodi. Ilikuwa kweli tupu. Skrini imesimama, kiduara kinazunguka, na juu yake sauti ya mwanamke mtu mzima inambembeleza mtu asiyekuwepo. Nilisikiliza yote. Sikujua kwamba mimi ni mpweke kiasi kile, Chiriku. Miaka yote hii nilidhani nimechoka tu.

Mkuu wa utumishi aliniita. Alitazama meza yake zaidi ya alivyonitazama mimi, akaniomba nivikate vile vipande kisha masomo yatumwe upya. Hakunisema vibaya. Fundi alinifundisha kukata: unaweka alama mwanzo, unaweka alama mwisho, unafuta, na picha inaruka kana kwamba programu yetu ni nyepesi kuliko zote duniani. Nimekata vyote. Vituoni wamepelekewa masomo safi, nao wanalalamika kwamba ni makavu. Yale ya kwanza waliambiwa wayafute, lakini nasikia hakuna aliyepata muda.

Maswali nayo hayakukoma, maana rekodi zilishapita simu kwa simu mpaka hapa hospitalini kwetu. Mpishi wa wagonjwa ananisimamisha na sinia mkononi. Mlinzi wa getini, ambaye zamu zake sizipangi mimi, naye anataka kujua. Muuguzi mmoja wa watoto alinishika mkono akaniambia usiku ule aliponisikia alimpigia simu kaka yake waliyekuwa wamepoteana naye, wakaongea mpaka salio likaisha. Wananipenda ghafla, na sikatai, ila naona haya. Ukipendwa kwa sababu ya upweke wako, hujui utie uso wa namna gani.

Kisha wakaanza kukulaumu wewe. "Huyo Chiriku ana moyo wa namna gani?" Ni yule mlinzi aliyesema hivyo, tena kwa uchungu kabisa, kana kwamba ni yeye uliyemtelekeza. Hapo ndipo nilipoumia. Nikakutetea. Nikasema una kazi nyingi, una mtoto, una nyumba ya kutazama, utajibu tu. Kisha nikaenda kukaa kwenye kiti changu nikijua nimewadanganya. Hujajibu kwa sababu sijakuuliza. Mlinzi ameulizwa, mpishi ameulizwa, vituo vyote vimeulizwa, na wewe mwenyewe hujasikia hata neno.

Unajua kwa nini. Dada mkubwa haombi, ndivyo nilivyojilea mwenyewe. Nilikuosha uso, nikakusindikiza shule, nikakupunguzia magauni yangu yakukae. Kukuomba wewe niliona ni sawa na kukukumbusha fadhila. Naapa sikukumbushi kitu. Ningeyafanya yale hata kama ungekuwa jiwe, na siku nyingine ulikuwa jiwe kweli.

Basi nakuuliza sasa, bila kiduara. Naomba nije nikae nawe. Kama huko nafasi hakuna, rudi wewe, na wenzako wote, hata kwa miezi michache tu. Chumba kidogo kinanitosha, hata kona yenye pazia. Najua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nipe tu, ila liwe jembe ambalo goti langu linaliweza. Mwanangu nitashinda naye ukiwa kazini. Vyombo nitavipangia zamu, na shemeji nitampa za usiku. Nyumba ni yako, mimi sitasogeza hata sufuria bila kukuuliza. Lakini ongea na shemeji kwanza, faraghani, asije akanikubali kwa aibu kama wale wauguzi wangu. Sitaki niwe neno kati yenu.

Na kama haiwezekani, haiwezekani. Sitanuna, na mtu akikulaumu mbele yangu atanijua. Nitazoea, watu wanazoea mengi.

Nisalimie sana shemeji, na mgongo wake unaomsumbua. Mwambie mwanangu kwamba mama yake mkubwa bado anaweza kumshinda kukimbia, kama ni kwenye mteremko. Yule rafiki yako mshonaji aliyekuwa akikupa lifti, kama bado mnaonana, naye mpe salamu zangu. Mungu awafunike nyote, awape usingizi mzuri na riziki isiyo na masimango, na kila jioni akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Jibu usiliandike, mdogo wangu. Sijaisikia sauti yako tangu mvua za mwaka jana, na ile tuliyoongea ilikatikakatika. Nipigie. Kama ni ndiyo, ni ndiyo. Kama ni hapana, iseme kwa kinywa chako mwenyewe, taratibu, na usikate simu upesi. Hata hiyo hapana yako nina hamu ya kuisikia.

Wako akupendaye kabla hujajibu na baada ya kujibu,

Dada