Dawa Yote Kwenye Tangi

Jumamosi

Na bado nikamwambia, "Asante, Baba." Mdomo wangu huu!

Wiki tatu nimeimba wimbo mmoja humu ndani. Samaki wote wameugua ugonjwa wa vidoa vyeupe, nimewahamishia kwenye ndoo ya bluu, na dawa ya shaba inaingia kwenye hiyo ndoo pekee. Tangi kubwa likikaa bila samaki, vijidudu vitakufa vyenyewe. Lakini humo wamebaki uduvi na matumbawe, na shaba ikiwagusa, wamekwisha.

Baba mkwe sikumwambia. Alifika jana kutoka Kyuso, na mimi ni nani nimfundishe mzee kazi?

Leo nimetoka sokoni nikapata chupa ya dawa iko tupu mezani. Yeye ameketi hapo, ameridhika.

"Mama Mumo, ulitibu wachache ukasahau boma. Mbuzi mmoja akiwa na kupe, unaogesha wote. Nimekumalizia."

Ameimwaga yote kwenye tangi! Uduvi wangu wamelala chali. Matumbawe yamejikunja, yanatoa ute. Miaka minne nimechanganya hayo maji ya chumvi kwa mkono, kwenye mji ambao hata ya kunywa tunanunua kwa mtungi. Na mume wangu alikuwa palepale anatazama mpira. Hakuinua hata kichwa! Huyo leo asiniongeleshe.

Tukila, mzee ameuliza wale wagonjwa wa ndoo wanaendeleaje. Nimeenda kuchungulia.

Wamepona. Hawana hata kidoa kimoja. Wanazunguka wakigonga ukuta wa ndoo, wanataka kurudi kwao.