Vidonge Rahisi Nilivyomkataza Baba

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa kusita, mimi niliyezoea kuhutubia halaiki bila karatasi. Mwaka jana, chuo kikuu kilipofungwa baada ya mgomo wetu, nilirudi Garsen nikamkuta baba, Mzee Galgalo, akimeza kila siku vidonge vyeupe vya shinikizo la damu alivyoandikiwa na Enos, tabibu wa zahanati, vidonge vya bei ndogo visivyo na jina kubwa, nami nikasimama malkani, pale ng'ombe wanaposhukia mtoni kunywa, nikawauliza wazee hadi lini tajiri atapewa dawa na maskini apewe chaki, nao wakaniitikia, kwa sababu kila mmoja wao alikwisha kupoteza ndama kwa dawa rahisi ya mifugo iliyozimuliwa maji. Baba hakubishana. Alisema tu, "Roba amesoma. Dawa iliyoua ndama wangu nayo ilikuwa rahisi." Akauza mtamba, akaanza kununua dukani dawa ya boksi lenye jina kubwa kwa bei mara nane, kisha mvua za El Nino zikakata barabara, bei ikapanda tena, naye bila kutuambia akawa anakata kidonge nusu, baadaye robo, kwa kisu chake cha kuchinjia, hadi asubuhi moja mama akamkuta amelala ubavu, mdomo umepinda. Mkono wake wa kulia umekufa, na Enos ameniambia kwamba vidonge vya aina zile mbili ni dawa moja. Ikiwa ni moja, mbona bei zinaachana hivyo? Na je, nimwambie baba, ambaye hata sasa, kwa ulimi mzito, anawasifia wageni elimu yangu?

Roba, Garsen, 1998

Roba, pole kwa maradhi ya mzee. Pole hiyo haikuondolei lawama. Hasira yako ilikuwa ya haki, lakini hukumuuliza Enos swali hata moja kabla ya kuhutubu.

Anayenunua boksi lenye jina hulipia utafiti wa kampuni iliyovumbua dawa, matangazo yake, na haki yake ya kuiuza peke yake kwa miaka kadhaa. Haki hiyo ikiisha, viwanda vingine hutengeneza dawa ile ile, hushindana, bei ikashuka. Kidonge cha Enos kilikuwa rahisi kwa sababu hiyo; hakikuzimuliwa. Hata hicho hupanda bei kikipita mikononi mwa wachuuzi wengi, lori likikwama matopeni, duka likiwa moja tu mjini, mgonjwa akinunua vitatu vitatu badala ya dozi ya mwezi. Hapo ndipo palipohitaji hotuba yako. Dawa bandia zipo, wazee hawakuota. Basi nunua mahali panapojulikana, tazama tarehe ya mwisho, na utaje jina la dawa yenyewe, si la kampuni.

Kesho mwombe Enos radhi, na mzee ameze kipimo atakachoandikiwa, kizima, bila kisu. Mwambie baba kweli, mama akiwepo. Akikukasirikia, usiondoke. Kisha rudi malkani ukaseme tena, kwa sauti ile ile. Wazee waliokuitikia nao wana vidonge vyeupe majumbani, na hujui ni wangapi walioacha kuvimeza kwa sababu yako.