Kikwembe cha Tarumbeta

Papa Aimée,

Pondu, yale majani ya muhogo, iko kwenye sufuria, pasha tu kidogo. Nimevuka mto kwenda Lubunga kwa yaya, dada yangu mkubwa. Aimée amelala, mdogo wako Philomène anamwangalia mpaka utoke mazoezini.

Asubuhi ulikataa kumbeba. Ulitazama viganja vyako vyekundu, na ule ukijani katikati ya vidole, ukasema: «Niko na ugonjwa, simgusi mtoto.» Nikacheka, ukaondoka bila chai. Unisamehe. ~~Lakini kosa ni lako.~~ Bon, kosa ni la ninyi wote wa fanfare, bendi yenu ya tarumbeta. Mlisugua tarumbeta kwa mchanga wa mto na ndimu zing'ae siku ya Pasaka, verni yote, ile rangi ya juu inayokinga shaba, ikatoka. Sasa shaba tupu inakutana na jasho lako kila siku. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitueleza: jasho ndilo linaitoa ile kijani, na ngozi nyingine hazipatani nayo. Aimée hawezi kuambukizwa.

Nimekata kikwembe changu cha bluu, kile kitenge unachokipenda. Funga kipande kwenye tarumbeta, pale mkono wa kushoto unaposhika. Kikilowa, badilisha. Ukimaliza kupiga, pangusa tarumbeta ikauke, unawe mikono na midomo kwa sabuni. Na mchanga, basi, uache mtoni!

Jana niliota Aimée amekua, anapiga tarumbeta yako ukingoni, na wavuvi wote wameinua makasia wanamsikiliza.

Ataamka jua la alasiri likifika dirishani. Nawa, jikaushe, umbebe. Kwa mikono yote miwili.

Bibi yako,
Mama Aimée