Beseni Lenye Jina Langu

Pasiansi, Mwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama, na shikamoo ya pili kwa ile niliyokudhulumu wiki jana simu ilipokatika. Goti lako linasemaje na baridi ya hapo Nansio? Sisi huku ni wazima, tunakula na kulala, na mjukuu wako Odeta ameota yale meno ya mbele aliyokuwa akiyalilia. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yako ikipokelewa inasikilizwa na ukoo mzima, na haya ni ya macho yako peke yako.

Mkweo Pius ameukosa uenyekiti wa mtaa. Najua Nathaniel ameshakupa habari, tena kwa kucheka, lakini mdogo wangu huyo hakuwepo.

Ulipokuja uliona jinsi sisi wa huku mlimani tunavyoingojea mvua. Wingu likitanda tu, kila nyumba inatoa mfuko wake wa taka na kuumwaga kwenye mfereji, maji yabebe mpaka ziwani. Ulituambia ni tabia ya mbuzi, nami nilinuna. Basi Pius aliposimama kugombea alilishika hilo hilo: hakuna tena kuipa mvua taka. Akaanza na nyumba yake. Viroba vitatu mlangoni, kimoja cha chupa za plastiki za kuwauzia wanunuzi, kimoja cha maganda ya kuwalisha mbuzi wa jirani, na kimoja cha kungojea gari la taka. Nilimwambia niliolewa na seremala, sikuambiwa kwamba nitalala ghalani. Alicheka, ila nikikosea kiroba hasemi nami mpaka chai iishe. Watu walimpenda, mama. Hata mimi nilimpenda upya.

Kwenye mkutano wa mwisho wa kampeni alizungumza vizuri sana. Alipomaliza akainuka Sada, mama anayeanika dagaa kule chini ufukweni. Alisema hana ugomvi na mtu, ila kila mvua ikinyesha anaokota pampasi na viatu juu ya dagaa wake, na sasa hajui amwamini nani. Kisha akatoa chini ya kanga beseni la bluu lililopasuka, akasema limeshushwa na mvua ya juzi. Ubavuni limeandikwa kwa rangi ya kucha nyekundu: MAMA ODETA.

Lile lile ulilonipa nilipojifungua.

Wafuasi wa Mashimba, mpinzani wa Pius, walipiga vigelegele kama wako harusini. Mmoja akauliza kwa sauti, mtu aliyeshindwa kumwongoza mke atauongozaje mtaa. Pius alinigeukia akaniuliza mbele ya watu wote kama beseni ni letu. Nikajibu kwamba ni langu, na sikuongeza neno. Mume wangu akashuka, akalipokea kwa mikono miwili, akamwomba Sada radhi na kusema kosa ni la nyumba yake. Njiani hakunigombeza. Alilibeba tu mpaka nyumbani, na siku ya kura Mashimba akashinda.

Sasa kaa vizuri, mama. Beseni lile sikulitupa mimi. Nililipeleka kwenye msiba wa Obedi, mume wa jirani yetu Getruda. Unajua misibani kila mama anapeleka vyombo vyake, ndiyo maana tunaviandika majina. Baada ya matanga vyombo vyangu vyote vilirudi isipokuwa beseni. Sikuuliza, maana nani anakwenda kumdai mjane beseni? Pale mkutanoni Getruda alikuwa mbele yangu, kajitanda kitambaa cheusi, kainama, anakivuta kimfunike uso. Nikajua. Lilipasuka mikononi mwake, akaona aibu kulirudisha, akaipa mvua. Ningetamka jina lake tu, Pius angesafishika palepale, na vile vigelegele vingemgeukia mjane. Alikuwa amemzika mumewe juzi juzi. Sikuweza, mama. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini iliniuma mno, kwa sababu nilikuwa namnyang'anya Pius kitu alichokitaka kwa moyo wote, naye ananitetea.

Jumamosi iliyofuata alishuka ufukweni na koleo kumsaidia Sada kusafisha, mwenyekiti wa viroba vyake vitatu. Nikamfuata. Tulimkuta Getruda ameshatangulia, kiroba mkononi, akaitikia salamu bila kuinua uso. Jioni nikakuta mlangoni kwetu beseni jipya la kijani, halina jina. Pius aliliangalia, akaangalia ukuta wa Getruda, akaniangalia mimi. Alichukua rangi yangu ya kucha akaandika kwa herufi za kiseremala: PIUS. Akasema safari hii likishuka na mvua, wamkamate mwenyewe. Kisha akanishika bega. Nadhani anajua. Mimi sijamwambia, nawe usimwambie. Lile lililopasuka amelijaza udongo, nimepanda mchicha.

Msalimie baba, shangazi na majirani wote, na umwambie Nathaniel ameshacheka vya kutosha. Sukari anayokuletea Winnie, aliyebeba barua hii, ni yako, usiigawe yote.

Ukishasoma, ichome barua hii jikoni. Usiitupe, mama. Ina jina langu hapo chini, na mimi nimeshaona kwamba kitu chenye jina hurudi.

Mwanao akupendaye,
Sabina, Mama Odeta