Mchokoo wa Maksai

Mke wangu mdogo, mjukuu wangu,

Mimi mzima, ila meno mawili yamenitaliki. Maksai wamenenepa kwa uvivu. Ule mchokoo, fimbo ndefu yenye ncha ya chuma tunayowaswagia, uko polisi. Baba yako alimchoma nao jirani wakigombania mpaka wa shamba, na jana jirani akafariki.

Leo nilikwenda kusema niliyeua ni mimi. Askari akanipa mchokoo. "Haya babu, tuonyeshe ulivyomchoma."

Nikauinua hadi kiunoni, ukaniponyoka. Wakacheka, na mimi nikacheka. Baba yako, nyuma ya nondo, hakucheka.

"Baba, nenda nyumbani," alisema.

Usihangaike kuja.

Ni mimi babu yako, muuaji waliyemkataa.