Dhiki ya Kitanda Kimoja

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, baada ya chai

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimeachia, au bado unakohoa? Sisi wazima, ila miguu ya mama yangu, mama mkubwa wako, bado inavimba. Mama yako ni mzima wa mwili. Roho yake ndiyo imenifanya nishike kalamu, na kichwa changu kimevurugika kweli.

Unajua kazi yangu ya kuchapa kwenye kamati ya kutafsiri Maandiko. Juzi tulikwama kwenye neno la Kiebrania, tsara. Maana yake dhiki. Kisha mtaalamu wetu akasema neno hilohilo, mahali pengine, ni mke mwenza. Kamati nzima ilicheka hadi machozi.

Nami na mdomo wangu nikaja kulisimulia mezani, nikidhani nitawachekesha mama zetu. Mama yangu alicheka. Mama yako alikusanya sahani, akaziosha, kisha nikamkuta anakunja nguo na kuzitia mkobani.

“Kumbe miaka yote hii mimi ndiye dhiki ya nyumba hii,” aliniambia. Akasema anakuja kwako.

Niliogopa, mdogo wangu. Tangu baba yetu afariki, wake zake hao wawili wanalala kitanda kimoja, na usiku ni mama yako anayemgeuza mama yangu. Mimi hata kumshika vizuri sijui.

Mama yangu akaniita, akataka kujua asili ya neno lenyewe. Nikamwambia ni kubana, mahali pembamba.

“Basi ni kitanda hiki,” akasema. “Mwite.” Akajivuta mpaka ukutani, akapigapiga godoro.

Mama yako akaja akalala upande wake, ila mkoba hakuufungua. Sasa wamepatana au hawajapatana? Nikiuliza, wote wawili wananifukuza. Na kesho kamati inataka jibu, nami sijui tena dhiki ni nini wala mwenza ni nani. Wewe uliyenyonya kwa mmoja ukabebwa na mwingine, ungeandikaje?

Nisalimie shemeji na binti yetu. Shangazi anasema unyamavu wako umezidi. Mungu akupe nafasi kila panapobana.

Nilitaka nikwambie umtandikie mama yako kitanda. Lakini asubuhi hii nimeona mkoba wake, nguo zikiwa bado ndani, ameuweka chini ya miguu ya mama yangu uwe mto. Akitaka kusafiri, itabidi kwanza amwinue miguu.

Kaka yako akupendaye na asiyeelewa kitu,
Mdomo