Ala za Bastola Zenye Alama ya Jani

KLABU YA SHABAHA YA WIRRABELL
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumapili, 14 Julai 2019
Mahali: Banda la bati la klabu, pembeni ya uwanja wa shabaha

Waliohudhuria:
Bw. Neville Trask, Mwenyekiti
Bi. Coral Dunstan, Mhazini na mpika chai
Bw. Gavin Hosking, Mkufunzi na Msimamizi wa Uwanja (alichelewa dakika kumi na mbili, na hakufunga mlango)
Bw. Alwyn Pryor, Katibu

Aliyealikwa: Bi. Renuka Perera, mwanachama mpya, mfamasia wa mjini

Aliyetoa udhuru: Bi. Merle Pryor
Asiyehudhuria bila taarifa: Bw. Clarrie Lomax

KUMB. NA. 1/07/2019: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na dakika ishirini alasiri. Hita ya gesi ilikataa kuwaka, hivyo wajumbe walikaa na makoti yao. Mwenyekiti alieleza kwamba Bw. Lomax amehamia pwani kwa binti yake na hatarajiwi kurudi. Katibu aliomba Bw. Lomax aandikiwe barua. Mwenyekiti alisema ameshaandikiwa mbili. Katibu aliomba ya tatu.

Iingie kwenye kumbukumbu kwamba Katibu alipoanza kazi hii kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Viti bado ni kumi na kimoja.

KUMB. NA. 2/07/2019: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilithibitishwa. Mwenyekiti alikumbusha, kama alivyokumbusha vikao vilivyopita, kwamba Bi. Merle Pryor, mke wa Katibu, alifariki Machi 2017, na kwamba jina lake haliwezi kuendelea kuorodheshwa miongoni mwa waliotoa udhuru. Katibu alisema hoja hiyo iwekwe kwenye Mengineyo, muda ukiruhusu. Muda haujawahi kuruhusu.

KUMB. NA. 3/07/2019: TUKIO LA TAREHE 29 JUNI

Mwenyekiti aliagiza maneno ya pande zote yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa sababu uamuzi wa leo unaweza kumtoa mtu klabuni.

Bw. Hosking alieleza kwamba siku hiyo Bi. Perera alikuwa kwenye hatua ya mwisho ya kozi ya kuchomoa bastola kiunoni, kozi ambayo asiyeifaulu haruhusiwi kushindana. Bastola ilikuwa na risasi. Alichomoa vizuri, akapiga shabaha mara mbili, akaanza kuirudisha bastola kwenye ala. Mdomo wa ala ulikuwa umelala na kujifunga. Akaufungua kwa vidole vya mkono wa kushoto, na mtutu ukapita mbele ya vidole hivyo. Ukingo wa ngozi ukaingia mahali pa kidole, kwenye kifyatulio chenyewe. Bw. Hosking alipiga kelele ya kusimamisha zoezi na kumshika mkono. Bastola haikulia.

“Ningechelewa nusu sekunde, dada yetu angejitoboa mguu,” alisema Bw. Hosking. “Mimi sina chuki naye, Nev. Lakini kanuni ni kanuni. Mtutu ukipita mbele ya mwili wako, unarudi nyumbani.”

Alipendekeza Bi. Perera azuiwe uwanjani kwa miezi kumi na miwili.

Bi. Dunstan aliuliza kama ala yenyewe ilikaguliwa. Bw. Hosking alijibu kwa ukali kidogo kwamba haikuwa na haja ya kukaguliwa.

“Coral, ala ilikuwa na jani la Merle. Unataka nikague mshono wa Merle? Merle hakuwahi kukosea mshono maisha yake yote.”

Kwa faida ya watakaosoma baadaye: kila anayeanza katika klabu hii huazimwa ala ya ngozi iliyotengenezwa kwenye karakana ya Pryor. Bw. Pryor hukata na kuumba ngozi. Bi. Pryor alikuwa akishona, na akiridhika na kazi yake alipiga ndani ya ala alama ndogo ya jani la mkaratusi. Kwa miaka ishirini na saba ala yenye jani imepita kwa mkufunzi bila kuguswa. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayosema hivyo. Ni desturi tu, na hakuna aliyefikiri inahitaji kuandikwa.

Mwenyekiti alimpa Bi. Perera nafasi ya kujitetea. Alisema hana utetezi.

“Mtutu ulipita mbele ya vidole vyangu, ni kweli,” alisema. “Tangu siku ile, jioni nikifunga duka, napanda chumbani juu, navaa mkanda na ala tupu, nachukua chanuo badala ya bastola, narudia na kurudia nione wapi nilikosea. Sijapaona bado.”

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakumwomba mtu amsaidie.

“Nimwombe nani, Mwenyekiti? Watu wa hapa nawajua presha zao na vidonge vyao. Mimi hakuna anayeniuliza kitu, ila Jumamosi hapa. Bi. Coral huniuliza kama nimekula.”

Bi. Dunstan alisema, “Na umekula?” Bi. Perera alisema bado. Alipewa keki ya chokoleti na nazi. Katibu hana hakika kama hili ni suala la kikao lakini analiandika.

Bw. Hosking aliomba pendekezo lake lipigiwe kura.

KUMB. NA. 4/07/2019: MAELEZO YA KATIBU

Kabla ya kura Katibu aliomba kusema. Mwenyekiti alisema mtu haandiki ushahidi wake mwenyewe, kwa hiyo kalamu ihamie kwake. Kisha Mwenyekiti akagundua amesahau miwani ndani ya gari. Katibu aliendelea kuandika.

Katibu aliomba kuiona ala iliyotumiwa na Bi. Perera. Aliigeuza mdomo juu na kuubonyeza kwa kidole gumba. Mdomo ulilala na haukuinuka. Aliwaonyesha wajumbe.

Katibu alieleza kwamba Bi. Pryor alikuwa akizungushia mdomo wa kila ala ngozi ya pili, na kati ya ngozi hizo mbili aliweka ukanda mwembamba wa chuma, ili ala ibaki wazi hata bastola ikiwa nje, na mpigaji asihitaji mkono wa pili kuifungua. Kazi hiyo haishoneki kwa mkono. Inataka ile cherehani kubwa ya karakanani. Tangu Machi 2017 Katibu hajakaa kwenye cherehani hiyo. Mto wa Bi. Pryor bado uko kwenye kiti. Katibu alijaribu mara mbili kuuondoa mto.

Kwa hiyo ala zote zilizotoka baada ya hapo, ambazo ni tano, Katibu alizishona kwa mkono, ngozi moja, bila chuma. Ala aliyoazimwa Bi. Perera ilishonwa Septemba mwaka jana.

Bw. Hosking ndiye aliyesema kwanza.

“Lakini ina jani, Alwyn.”

Katibu alikiri kwamba jani alilipiga yeye.

“Wewe? Jani la Merle?”

Katibu alikiri tena.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini. Katibu alijibu kwamba ala isiyo na jani, ukiitazama mezani, inaonekana kabisa kuwa ni kazi ya mtu aliye peke yake. Alisema hakufikiria vidole vya mtu. Alisema alifikiria jani tu, na kwamba tangu tarehe 29 Juni amelijua kosa lilipo, na kwa siku kumi na tano amemwacha Bi. Perera alibebe. Aliona aibu na bado anaona aibu. Aliomba iandikwe hivyo, na imeandikwa.

Bw. Hosking aliichukua ala akaibonyeza mwenyewe, mara tatu. Alisema, “Sikuibonyeza. Kipimo cha kidole gumba nawafundisha wengine kila mwezi, na mimi mwenyewe sikuibonyeza.” Kisha akamgeukia Bi. Perera: “Dada, nisamehe. Siku ile nilikuita mzembe mbele ya watu.”

Bi. Perera alisema kanuni ya vidole bado aliivunja. Bw. Hosking alisema ndiyo, aliivunja, na atairudia hatua ile ya mwisho. Pendekezo la kumzuia miezi kumi na miwili liliondolewa na aliyelileta.

Katibu anapenda iingie kwenye kumbukumbu kwamba Bw. Hosking, ambaye kwa miaka mitatu ameomba klabu iachane na ala za ngozi na kwa miaka mitatu amepingwa na Katibu, hakucheka. Alikuwa na kila haki ya kucheka.

KUMB. NA. 5/07/2019: ALA NA VIFAA VYA WANAOANZA

Bw. Hosking aliwasilisha orodha yake, ile ile ya mwaka 2016, karatasi ikiwa imekunjika mara nne. Ilijadiliwa na kupitishwa kama ifuatavyo.

Anayeanza atavaa ala ya plastiki ngumu, iliyoumbwa kwa bastola ya aina yake na si ya aina nyingine inayofanana, inayofunika kifyatulio chote, na ambayo mdomo wake haujifungi hata ukibonyezwa kwa nguvu. Itakaa nyongani, upande wa mkono anaopigia. Ala za kwapani, za mgongoni na za pajani hazikubaliki. Hapo Bi. Dunstan alikumbusha habari za mgeni mmoja aliyekuja na ala ya kwapani. “Alipochomoa tu, mtutu ukatuzungukia wote. Nilikuwa chini ya meza na birika mkononi.” Mwenyekiti alisema hata yeye alikuwa chini ya meza hiyo hiyo, na kwamba birika lilikuwa la moto.

Mkanda uwe mgumu, usiopinda kwa uzito wa bastola, kwa maana ala nzuri kwenye mkanda laini hucheza na kuifuata bastola juu mpigaji anapochomoa. Vifuko viwili vya magazini za risasi vinatosha. Miwani ya kinga na vikinga masikio ni lazima, hata kwa anayetazama. Asinunue kingine chochote mpaka amalize mashindano matatu, ajijue anahitaji nini.

Kila ala itapimwa kila mara, iwe imetoka kwa nani: bastola tupu itiwe ndani, ala igeuzwe chini na kutikiswa, bastola isidondoke, kisha bastola itolewe na mdomo ubonyezwe. Bi. Perera aliuliza kama “iwe imetoka kwa nani” ni maneno ya lazima. Alisema wanaojua wataelewa yanamlenga nani, na wasiojua hayawasaidii. Katibu alisema yabaki.

Ala tano zilizoshonwa baada ya Machi 2017 zirudishwe. Tatu zimo kabatini. Moja ilikuwa mezani. Ya tano ilikuwa kiunoni mwa Katibu, ambaye alishindana nayo asubuhi. Bastola ikiwa imeshafungiwa kwenye sanduku lake, Katibu aliivua ala na kuiweka pamoja na ile nyingine. Hakuna aliyeibonyeza.

Azimio: ala za ngozi zisitumiwe tena na wanaoanza katika klabu hii. Lililetwa na Bw. Hosking. Mwenyekiti aliuliza nani analiunga mkono. Bi. Dunstan alikuwa anatazama kikombe chake. Mwenyekiti aliuliza mara ya pili.

Azimio liliungwa mkono na Katibu. Lilipita bila kupingwa.

Mwenyekiti aliagiza KUMB. NA. 4 ifupishwe kuwa “Katibu alitoa maelezo kuhusu ala.” Alisema, “Hakuna haja watu wayasome hayo, Alwyn. Tumeelewana humu ndani, yatosha.” Katibu alimshukuru. Haikufupishwa.

KUMB. NA. 6/07/2019: MENGINEYO

Bi. Perera aliuliza kama kiti cha Bw. Lomax kina mtu. Alijibiwa hakina. Alikisogeza mezani akakaa.

Muda uliruhusu. Mwenyekiti alirejea kwenye jina la Bi. Merle Pryor, kisha akaanza kukohoa na kumwachia Bi. Dunstan.

“Alwyn, mpenzi wangu,” alisema Bi. Dunstan, “mimi na Merle tulikuwa marafiki kabla wewe hujamjua. Sikuwahi kusema neno juu ya hili. Lakini udhuru mtu hutoa mwenyewe. Hupiga simu akasema siji, nina mgeni, nina mafua. Merle alikupigia?”

Katibu alijibu kwamba hapana. Alikubali kuwa Bi. Pryor hajatuma taarifa yoyote tangu Machi 2017, na kwamba jina halikuandikwa mahali panapostahili. Alieleza kwamba kila kikao amekuwa akiisubiri hiyo taarifa.

Iliamuliwa kwamba kuanzia kikao kijacho jina lisiandikwe. Katibu ataliacha mwenyewe. Hataki mtu mwingine alifute.

KUMB. NA. 7/07/2019: KUFUNGA KIKAO

Hapakuwa na jingine. Kikao kilifungwa saa kumi na moja na dakika tano jioni. Bw. Hosking alitoka wa mwisho, akarudi kuufunga mlango. Katibu alibaki ndani kuosha vikombe, ambavyo vilikuwa vitano. Alikuwa ametoa sita.

Imesainiwa:

N. Trask, Mwenyekiti
A. Pryor, Katibu